Mafuta kwenye tiyo ya hewa: fundi aonyeshe yanakotoka kabla ya kudai pesa ya turbo

Kuna maneno mawili ambayo mwenye gari anaogopa kuyasikia garajini: "Turbo imekufa." Iwe Butembo, Bunia, Bukavu ao Goma, maneno hayo yanatamkwa kwa haraka mno. Fundi anafungua kapo, anapitisha kidole kwenye tiyo ya hewa, kidole kinatoka cheusi na chenye mafuta, na hukumu imekwisha kutolewa. Kinachobaki ni mwenye gari kutafuta mamia ya dola.

Maoni yangu ni haya: mafuta kwenye tiyo ni alama, siyo hukumu. Fundi anayedai pesa ya turbo aonyeshe kwanza mafuta yanaanzia wapi. Na sisi wenye gari tuache kuondoa boxi ya filtri iliyotoka kiwandani na kuweka filtri ya wazi, eti kwa sababu inafanya turbo ipige mluzi.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawaelezwi. Kila moteri, hata mpya, inapitisha gesi kidogo pembeni ya segma za pistoni. Gesi hizo zinashuka chini kwenye karteri na kuchanganyika na mvuke wa mafuta. Haziwezi kubaki humo, kwa sababu zingesukuma mafuta nje kupitia kila jointi. Ndiyo maana kuna tiyo ndogo, ambayo mafundi wanaiita reniflari, inayozirudisha kwenye njia ya hewa mbele ya turbo ili ziungue ndani ya moteri. Mvuke huo unaacha utando mwembamba wa mafuta njiani. Kwa hiyo gari ya turbo ambayo tiyo yake ina unyevu kidogo wa mafuta haina lazima kuwa mgonjwa.

Sasa tuangalie zile filtri za umbo la koni zinazouzwa kama mapambo ya nguvu. Nyingi ni za pamba inayopakwa mafuta ili ishike vumbi. Mtu anaiosha, anaipaka mafuta kupita kiasi, na yanayozidi yanavutwa hadi kwenye tiyo. Kwa gari yenye kipimo cha hewa, mafuta hayo yanaweza kuchafua waya wake mwembamba. Kompyuta inapokea hesabu mbaya, gari inakosa nguvu, na lawama inaangukia turbo ambayo haina kosa.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Tiyo ya kununua mara nyingi hailingani vizuri na gari. Tundu la reniflari ni kubwa kupita kiasi, kauchu ni nyepesi, kolie haikazi. Mafuta yanatoka polepole kwenye maungio, vumbi linashika hapo, na tunaona ule uji mweusi pembeni ya tiyo. Wengi wanaufuta na kusahau. Lakini mbele ya turbo hewa inavutwa, haisukumwi. Pale ambapo mafuta yanapata njia ya kutoka moteri ikiwa imezimwa, vumbi linapata njia ya kuingia moteri ikifanya kazi, tena bila kupita kwenye filtri.

Na vumbi letu siyo la mchezo. Anayesafiri kati ya Bunia na Mahagi wakati wa kiangazi anajua namna gari ya mbele inavyopotea ndani ya wingu jekundu. Goma, mji uliojengwa juu ya mawe ya Nyiragongo na uliofikiwa na lava mwaka 2002, na tena pembezoni mwake mwaka 2021, vumbi ni la mawe yaliyosagika. Gurudumu dogo la turbo linazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Punje ya jiwe ikilipiga kwa mwendo huo, linalika. Kisha vumbi linaingia kwenye silinda, linakula segma, gesi za karteri zinaongezeka, na mafuta kwenye tiyo yanaongezeka pia. Hapo ugonjwa ambao haukuwepo umekwisha kununuliwa.

Filtri iliyoziba nayo ina hila yake. Turbo ikikosa hewa, inavuta kwa nguvu hadi kunyonya mafuta yanayolainisha ekseli yake. Ukibadilisha turbo na kuacha filtri ileile, turbo mpya nayo itatoa mafuta. Ni vilevile ikiwa tiyo inayorudisha mafuta kutoka turbo hadi karteri imeziba.

Sisemi turbo haifi. Inakufa, na ina dalili zake: moshi wa bluu, mafuta yanayopungua kati ya vidanje mbili, ekseli inayocheza hadi gurudumu linagusa ukuta, mafuta yanayojaa kama dimbwi upande wa pili wa turbo. Kwa moteri ya mazuti, kama zile za Prado 1KZ-TE tunazoziona kila siku, dalili hizo zisichezewe. Moteri ya mazuti inaweza kuanza kuunguza mafuta yake yenyewe, ikapanda mwendo bila kutii, na hata ukiondoa ufunguo isizime. Anayeona mafuta mengi na moshi wa bluu asimame, asiendelee na safari.

Lakini kati ya utando wa mafuta na dimbwi la mafuta kuna tofauti, na kuipima hakuhitaji mashine ya bei kali. Angalia kijiti cha mafuta: yakipita alama ya juu, punguza. Angalia filtri. Safisha tiyo yote, kausha, kaza kolie, hakikisha reniflari haijaziba. Tembeza gari wiki moja, kisha fungua tena. Mafuta yakianzia kwenye tundu la reniflari, tatizo liko huko. Yakianzia kwenye filtri, uliipaka kupita kiasi. Tiyo ya mbele ikiwa kavu na ya nyuma imejaa mafuta, hapo sasa tuzungumze juu ya turbo.

Mafundi wananiambia kwamba mteja hana subira. Taksi isipotembea leo, hakuna chakula jioni. Na gari ikifia njiani, ni fundi anayelaumiwa. Ninawaelewa. Lakini turbo inayowekwa mara nyingi ni ya okazyo, imetoka kwenye gari ambayo hakuna anayejua ilitembea kilomita ngapi. Kuondoa turbo nzima na kuweka iliyochoka ni kumlipisha mtu ili apate hasara. Fundi anayemwita mteja na kumwonyesha ekseli inayocheza hatapoteza mteja huyo.

Kwa hiyo wenye gari tuzoee kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa pesa: Mafuta yanaanzia wapi? Ekseli inacheza kiasi gani, nami nione? Ni kitu gani kilichoua turbo hii, na je, kimetengenezwa? Asiyeweza kujibu apewe muda wa kuchunguza, asipewe dola.

Na kama boxi yako ya filtri ya kiwandani bado iko nyumbani, irudishe kwenye gari kabla kiangazi hakijafika. Pesa ya turbo, kwa familia nyingi za kwetu, ndiyo ileile ya minervali ya watoto mwezi wa Septemba.