Roboti au Mkono wa Daktari?

Wenzangu wengi husema ati mgonjwa wa saratani ya tezi dume asiyepasuliwa kwa roboti amepunjwa. Mimi siafiki. Kwanza, roboti haipasui peke yake. Daktari huketi kando akiiongoza mikono yake ya chuma, ambayo hupita katika matundu madogo ya tumbo badala ya chale moja ndefu.

Mjini Brisbane, Australia, wanaume 326 waligawanywa kwa kura, nusu huku na nusu huku, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016 na 2018. Wa roboti walipoteza damu kidogo, wastani wa mililita 443 kwa 1,338, wakatoka hospitali mapema. Hilo si dogo, wala silikatai. Dalili za ugonjwa kurudi pia zilikuwa chache kwao, ingawa watafiti wenyewe walionya tusiharakie kulitegemea jambo hilo. Lakini yale wanaume wanayoyaogopa sana, yaani kushindwa kuzuia mkojo na kupungukiwa nguvu za kiume, yalikuwa karibu sawa hata baada ya miaka miwili.

Tena, msomaji, angalia neno hili: daktari wa mkono alikuwa amekwisha pasua zaidi ya mara 1,500! Kwa mkono mzoefu kama ule, sioni kwa nini mzee auze shamba la watoto wake ili aifuate roboti ng'ambo. Na amwulize daktari wa karibu, bila haya, amekwisha wapasua wangapi na wanaendeleaje.