MAMBO YA NYUMBANI: Gari Jipya na Daftari Lake

Gari jipya linapoingia Mulanda kwa mara ya kwanza, haliingii kwa siri. Watoto hulikimbilia tangu njia panda, wazee hulizunguka wakilipapasa, na kina mama hupiga vigelegele kana kwamba ameletwa bibi harusi. Furaha hiyo ni ya haki, kwa kuwa gari dogo la saluni lililotoka dukani bila kutumiwa na mtu mwingine ni jasho la miaka mingi. Lakini vigelegele vikiisha huanza kazi isiyoimbiwa na mtu, nayo ni kuishi na gari hilo na kuelewana na wale walioliuza. Hapo ndipo familia nyingi hupoteza kwa uzembe haki ambayo zimekwisha kuilipia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna mali inayoustahili msemo huo zaidi kuliko gari.

Na uchukuliwe mfano wa sajini mmoja wa jeshi, mwenyeji wa Mulanda, anayefanya kazi katika kambi ya Rubongi karibu na mji wa Tororo. Amekopa katika chama cha akiba na mikopo, kama wafanyavyo wanajeshi wengi katika Wazalendo na polisi katika Exodus, na kila mwezi mshahara wake hukatwa kabla haujamfikia. Amenunua saluni mpya kwa wakala mjini Kampala, akaifikisha nyumbani salama. Kabla mwezi haujaisha, akapata amri ya kwenda Somalia, ambako askari wa Uganda walianza kutumikia Machi 2007. Gari likabaki mikononi mwa mkewe, na ndugu yake mdogo akawa dereva.

Mume alipokuwa akifunga mizigo, mke alimwuliza, “Baba watoto, hili gari nitalilisha nini?” Mume akacheka, akamkabidhi kijitabu kilichokuwa ndani ya kisanduku cha mbele. “Kila kitu kimo humu. Usikipoteze, maana kikipotea hiki, na dhamana imepotea.”

Jibu hilo lilikuwa sahihi. Kijitabu cha matengenezo ndicho cheti cha kuzaliwa cha gari na kadi yake ya kliniki. Ndani yake huandikwa namba ya chesisi, tarehe ya kuuzwa, na ratiba ya huduma. Kila huduma ikifanyika, hupigwa mhuri pamoja na tarehe na idadi ya kilometa. Wakala akidaiwa kutengeneza kitu bila malipo, kwanza hufungua kijitabu hicho, na pengo la mhuri mmoja laweza kutosha kumnyima mwenye gari haki yake.

Ratiba hutofautiana kwa aina ya gari. Mengine hutaka kubadilishwa oili kila kilometa 5,000 au miezi sita, mengine kila kilometa 10,000 au mwaka mmoja. Maneno yanayosahauliwa ni yale yasemayo “chochote kitakachotangulia”. Familia ya askari aliye safarini hudhani kwamba gari lililosimama uani halihitaji kitu, kwa kuwa halijatembea. Sivyo. Oili huchakaa hata gari likiwa limesimama, betri hupungua nguvu, na miezi huhesabiwa hata kama magurudumu hayakuzunguka. Gari la sajini lilitimiza miezi sita likiwa limetembea kilometa 2,600 tu. Shemeji mtu alisema hapana haraka. Mama wa nyumba akafungua kijitabu, akasoma, akasema, “Shemeji, hapa wameandika miezi.”

Kadhalika kuna jambo la vumbi. Vijitabu vingi huwa na ukurasa wa matumizi magumu, yaani barabara za vumbi, safari fupi fupi na mizigo mizito, na kwa matumizi hayo muda wa huduma aghalabu hupunguzwa hadi nusu. Anayeishi kwenye barabara za murramu za Mulanda, Iyolwa au Nagongera asijihesabu pamoja na waendeshao katika lami ya mjini. Chujio la hewa la gari lake hujaa upesi, na injini isiyopumua hupoteza nguvu.

Adui wengine wa saluni kijijini hutoka nyumbani mwenyewe. Saluni iko chini. Jiwe moja laweza kutoboa bakuli la oili lililo chini ya injini, na dereva asiyetazama taa nyekundu ya oili ataua injini nzima kabla ya kufika kwake. Tena saluni si lori. Siku ya mavuno kila jamaa ana magunia yake ya mihogo, na ni vigumu kumkatalia mjomba. Lakini springi na shokamzoba zilipimwa kwa watu watano na mizigo yao midogo. Heri kumpa mjomba nauli ya pikapu. Gari lihifadhiwe kwa yale ambayo jirani hawezi kuyapata penginepo usiku wa manane: mama mjamzito wa kupelekwa kituo cha afya cha Mulanda, au kukimbizwa Tororo hospitalini ikiwa uchungu umekuwa mgumu. Kwa ajili ya usiku kama huo, gari halina budi kuwaka kila linapowashwa.

Adui mwingine hukaa mpakani. Busia imejua magendo kwa miaka mingi, na petroli ya jerikeni inayopitishwa njia za panya huuzwa kwa bei ya kuvutia. Lakini si nadra ikawa imechanganywa na mafuta ya taa. Injini hugonga, plagi hufanya masizi, na vyombo vya kupimia moshi huharibika. Dhamana hailipii madhara ya mafuta mabaya. Anayeokoa shilingi elfu kadhaa kwa jerikeni aweza kulipa mamilioni gereji. Mwenye busara hununua katika kituo kinachotoa stakabadhi, na stakabadhi hizo huziweka.

Dhamana yenyewe ni nini? Kwa magari mapya aghalabu ni ahadi ya miaka mitatu au kilometa 100,000, chochote kitakachotangulia, kwamba kasoro iliyotokana na kiwanda itatengenezwa bila malipo. Vitu vinavyochakaa kwa kutumiwa, kama pedi za breki, tairi, balbu na mpira wa kufutia kioo, havimo. Ajali haimo, wala mafuriko. Ni vema familia isome orodha hiyo kabla ya kwenda kulalamika, ili isipigane vita isiyokuwa yake na ikashindwa katika ile iliyo yake.

Tangu siku ya kwanza, mke wa sajini alinunua daftari la shule la kurasa 48. Humo akaandika tarehe, kilometa, petroli iliyotiwa, na kila sauti ngeni iliyosikika. Mwezi wa tano aliandika hivi: “Gurudumu la mbele kushoto linagonga likipita shimoni. Kilometa 2,310.” Wiki mbili baadaye akaandika tena, kwa maneno yale yale. Kutoka Tororo hadi Kampala ni zaidi ya kilometa 200, na kwenda na kurudi ni siku nzima na tangi la petroli. Kwa hiyo alipiga simu kwanza, akapanga siku, akataja dalili zote ili vipuri viandaliwe, na akachukua barua ya mumewe ya kumpa idhini.

Kwenye meza ya mapokezi karani alimtazama, akauliza, “Mzee mwenyewe yuko wapi?”

“Yuko kazini mbali. Barua yake hii hapa.”

“Mama, sauti hiyo ni ya kawaida. Ni hizo barabara zenu za kijijini.”

Hapa ndipo wengi hurudi nyumbani. Mwanamke huyu hakugomba wala hakuinua sauti. Aliomba kwamba malalamiko yake yaandikwe katika karatasi ya kazi kama alivyoyasema, pamoja na kilometa, naye apewe nakala. Karani akaandika. Kisha akaomba fundi apande naye gari, wapite mahali pabovu. Kosa linalosikika barabarani halionekani gari likiwa limetulia juu ya jeki. Fundi alipanda, akasikia, akanyamaza.

Walipofungua, walikuta kiungo cha gurudumu kimelegea. Karani akasema kwamba hilo ni la barabara mbaya, halimo katika dhamana. Mama akajibu, “Vizuri. Niandikieni hivyo, mtie sahihi na mhuri, niende nayo.” Ombi hilo fupi lilimwita mkuu wa gereji kutoka ofisini. Mkuu alilipima gurudumu la kulia, akalikuta zima, ingawa limepita mashimo yale yale. Akasoma daftari la kurasa 48 tangu mwanzo hadi mwisho. Kiungo kikabadilishwa bila malipo. Huduma ya oili na mpira wa kufutia kioo mama alilipia mwenyewe, kwa kuwa ndivyo ilivyopasa, na kabla ya kuondoka aliomba aonyeshwe kiungo cha zamani, akahakikisha kijitabu kimepigwa mhuri.

Jambo kubwa katika habari hii ni kule kuandikwa. Kasoro iliyoandikwa ndani ya muda wa dhamana ina ushahidi wake hata ikirudi muda ukiwa umekwisha. Kasoro iliyosemwa kwa mdomo huondoka pamoja na karani aliyehamishwa.

Wala mteja hasimami peke yake. Nchini Uganda, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inahusu kitu kilichouzwa na kazi ya fundi pia. Kanuni za madai madogo za mwaka 2011 ziliweka njia nyepesi ya mahakama kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, ambayo yaweza kutosha kwa ugomvi wa bili ya gereji. Kwa jirani wa Busia upande wa Kenya, haki za mtumiaji zimo katika Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 na katika Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya mwaka 2012. Kwenda mahakamani ni hatua ya mwisho. Lakini ajuaye kwamba ipo huzungumza kwa utulivu zaidi.

Mwenye gari jipya akitaka kuvuka mpaka, kwa mfano kwenda Kisumu kwa jamaa, ahakikishe bima yake inavuka pamoja naye kwa Kadi ya Manjano ya COMESA. Tena amwulize wakala mapema, na apate jibu kwa maandishi, kama dhamana iliyotolewa Uganda itatambuliwa na gereji ya Kenya.

Nao walionunua gari lililokwisha kutumika Japani, ambao ndio wengi, wasidhani habari hii haiwahusu. Tangu mwaka 2008 yalianza kuitwa magari yenye mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, kwa sababu kemikali ya kuijaza iliharibika kwa joto na unyevu wa muda mrefu, ikalipuka na kurusha vipande vya chuma kwa abiria. Nchini Marekani pekee vijazio vipatavyo milioni 67 viliamriwa viondolewe, na kampuni hiyo ikafilisika mwaka 2017. Gari lililotengenezwa miaka hiyo laweza kuwa barabarani Tororo leo. Mwenye gari achukue namba ya chesisi, ampelekee wakala wa aina hiyo ya gari, aulize kama kuna wito wowote uliotolewa juu yake. Swali hilo laweza kuokoa uso wa mtoto aketiye mbele.

Baada ya dhamana kwisha, si kosa kumwendea fundi mwaminifu wa Tororo. Bei yake ni nafuu, yu karibu, na ameyazoea mashimo ya kwetu. Lakini naye aandikwe katika daftari: tarehe, kilometa, oili gani, kipuri gani, kiasi gani. Siku ya kuliuza gari, mnunuzi atalipa zaidi kwa gari lenye historia kuliko kwa gari lenye rangi inayong'aa.

Kwa nyumba ya askari au polisi, basi, ushauri ni huu. Kila mwezi, pamoja na fedha za karo na za chakula, kitengwe kiasi kidogo cha huduma ya gari, kisiguswe. Kijitabu kikae mahali panapojulikana na wote wawili, mume na mke. Barua ya idhini iandikwe kabla ya safari, si baada yake. Na dereva, hata akiwa ndugu, aambiwe kwamba kila taa inayowaka kwenye dashibodi ni habari ya kutolewa nyumbani siku ile ile.

Mkopo wa gari huendelea kukatwa katika mshahara, gari liwe linatembea au liwe limelala juu ya mawe. Sajini akirudi kutoka mbali, apasa kukuta gari linalowaka, kijitabu kilichojaa mihuri, na daftari la mwandiko wa mkewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa gari hauonekani ila kwa yule anayeandika.