Ubwari: plaji ya familia inaanza na choo

Mtu akisimama Baraka na kutazama mashariki, ng'ambo ya maji, anaona milima ya Ubwari imenyooka ndani ya Ziwa Tanganyika kama mkono. Katikati ni ghuba ya Burton, yenye jina la Mwingereza aliyefika kwenye ziwa hili mwaka 1858. Kila mara uzuri wa mahali hapa unapotajwa, maneno yanayofuata ni yale yale: aje mwenye mali, ajenge hoteli, watalii watakuja.

Mpango huo umeanzia mwisho. Watu wa kwanza wa plaji ya Ubwari wako tayari: ni watoto wa Ubwari, wa Baraka na wa teritware nzima ya Fizi. Wanaoga ziwani hoteli iwepo isiwepo. Swali la kuanza nalo ni dogo zaidi. Mama akiwapeleka watoto wake wanne ziwani Jumapili mchana, panahitajika nini ili warudi wanne, na kesho yake asiwepo anayeharisha?

Jibu la kwanza liko kwenye mahali penyewe. Ubwari ina pande mbili, na kila upande una hatari yake. Upande wa ghuba umekingwa na upepo, na karibu na Baraka mito kama Mutambala inaleta udongo, maji yanakuwa mazito baada ya mvua. Utulivu huo unawavuta wazazi wenye watoto wadogo. Lakini maji yaliyotulia, yenye majani, ndiyo yanayopendwa na konokono wa kichocho, ugonjwa ambao wengi wanauita bilarzia. Kidudu chake hakingoji kumezwa. Kinapenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, hasa saa za jua kali. Na kinamfikia konokono kupitia uchafu wa mtu aliyejisaidia ziwani au kando yake.

Upande wa nje, unaotazama Burundi, maji ni maangavu na miamba ni mingi. Huko hatari ni kina na mawimbi. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, ni la pili duniani baada ya ziwa Baikal la Urusi, na kwenye kingo zenye milima chini hushuka ghafla. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, upepo wa kusini unaamsha mawimbi makubwa. Mtoto aliyezoea ghuba anaweza kukosa pa kukanyaga baada ya hatua chache tu.

Kwa hiyo plaji ya familia haichaguliwi kwa macho wala kwa picha ya simu. Inachaguliwa kwa kuwauliza wavuvi: chini kunashukaje, mamba na viboko wanapita wapi, upepo unageuka saa ngapi. Wavuvi wanayajua hayo yote. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaandika kwenye kibao na kukisimamisha pale mchangani.

Jambo la pili ni mchanganyiko wa kazi. Sehemu nyingi za ziwa hili, kipande kimoja cha mchanga kinabeba kila kitu. Mitumbwi inashusha ndagala na mikeke, injini zinavuja mafuta, akina mama wanafua, watoto wanaoga, na bidoni za manjano zinajazwa maji ya kunywa. Alfajiri, asiye na choo nyumbani anatafuta kichaka hapo hapo. Halafu kipindupindu kinaporudi, watu wanashangaa. Uvira, Fizi na Kalemie wamekijua kwa miaka mingi, na njia yake ni hiyo: uchafu wa mtu mmoja unaingia kwenye bidoni ya mwingine.

Hata nchi tajiri zinapoipima plaji, zinaangalia mambo hayo. Alama ya Blue Flag, iliyoanzia Ufaransa mwaka 1985 na kufika Afrika Kusini mwaka 2001, inataka maji yapimwe, vyoo vitoshe na uchafu wake usiishie majini, mapipa ya takataka yawepo, maji ya kunywa yapatikane, na waokoaji au vifaa vya kuokolea viwe karibu. Plaji inaweza kuipata alama hiyo bila kuwa na hoteli hata moja.

Ubwari haihitaji bendera ya mtu. Inaweza kuanza na orodha fupi: choo cha wanawake na cha wanaume, mbali na maji, pa kunawa mikono kwa sabuni, tangi la maji yaliyotiwa dawa, kivuli cha nyasi, kamba yenye bidoni tupu zinazoelea, ili mitumbwi ibaki upande wake na watoto upande wao, mpira wa gurudumu la gari na kamba ndefu kwa ajili ya kuokoa, na kijana mmoja anayejua kuogelea, anayelipwa siku za Jumapili na sikukuu. Choo kijengwe juu, penye usalama. Mwaka 2024 ziwa lilipanda hadi karibu na kiwango cha mwaka 1964, likaingia kwenye nyumba za Bujumbura, Uvira na Kalemie. Choo kilichochimbwa karibu na mchanga, mwaka kama huo kinageuka kuwa chanzo cha ugonjwa.

Nani alipe? Majirani wana njia mbili. Karibu na Kigoma, plaji ya Jakobsen inatoza kiingilio. Mombasa, plaji ya umma ya Jomo Kenyatta inapokea familia za kila hali katikati ya hoteli kubwa. Ubwari inafaa zaidi njia ya pili: kuingia bure, na pesa zitoke kwa wauza vinywaji, wakodisha viti na wenye boti. Lakini hesabu ibandikwe hadharani kila mwezi. Watu wa Fizi wamelipa kodi nyingi barabarani na bandarini bila kuona zilikoenda. Hawatalinda choo ambacho pesa yake inaliwa gizani.

Na hili lifanyike kabla parseli hazijaisha. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema sakafu ya kila ziwa ni mali ya umma ya Serikali. Hata hivyo, ziwa la umma lina faida gani kama kila njia ya kulifikia imezungushiwa ukuta? Meya wa Baraka, msimamizi wa teritware na machefu wa Ubwari wanaweza kutenga leo vipande vichache vya mchanga, kuviwekea mipaka na kuvitangaza kwamba haviuzwi. Uamuzi huo hauhitaji mfadhili. Ukichelewa, watoto wa mwenye ardhi wataoga mchangani, na wa jirani watabanwa kati ya injini za mitumbwi.

Wapo watakaosema: nchi iko vitani, wakimbizi wamejaa, nani ana muda wa plaji? Hoja hiyo ni nzito, lakini inaelekea upande mwingine. Watu wanaokimbia vita na kufika kando ya ziwa wanakunywa ziwa hilo hilo. Choo, tangi la maji na mpaka kati ya mitumbwi na waogaji vinamsaidia mkimbizi Jumatatu sawasawa na familia Jumapili. Na mtoto aliyesikia risasi usiku anahitaji mahali pa kucheza kuliko mtoto yeyote.

Wakati viongozi wakifikiri, wazazi wasingoje. Wachague mchanga ulio wazi, usio na majani, mbali na mdomo wa mto na mahali mitumbwi inapofunga. Waende asubuhi mapema. Mtu mzima mmoja asishike simu wala chupa, kazi yake iwe kuhesabu vichwa. Maji ya kunywa yatoke nyumbani. Hoteli inaweza kuja baadaye, na atakayeijenga atashukuru kukuta maji ambayo mgeni wake anaweza kuingia bila kuogopa.