Aliye juu usimngoje chini, mpe kamba

Hebu kumbuka mara ya mwisho ulipopanda mti. Kwa wengi wetu ilikuwa ushago, likizo ya Agosti, juu ya mwembe au mpera wa nyanya. Hukuwa na kamba wala kofia, na mama alikuwa chini akikupigia kelele ushuke kabla hujavunja shingo. Kisha ukarudi jijini, ukakua, na mti ukabaki mahali pa kuegesha bodaboda jua likiwaka.

Kuna watu wazima ambao hawakuwahi kuacha. Kule Atlanta, Marekani, Peter Jenkins, mpanda miamba aliyegeuka kuwa mkata miti, alianzisha mwaka wa 1983 shirika la Tree Climbers International ili kuwafundisha watu wa kawaida kupanda miti kwa raha tu, kwa kamba. Leo video za mchezo huo zinatufikia hapa kwenye simu: mtu ameketi hewani juu ya tawi, anakunywa chai, ndege wanapita chini yake. Ukiitazama umebanana kwenye matatu hapo Thika Road, lazima uitamani.

Mimi niliitamani, na bado naipenda. Lakini leo nataka tuongee kuhusu kitu ambacho video hupitisha haraka: kamba yenyewe.

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushika kamba chini ya miti. Jamaa mmoja wa mtaa wetu alikuwa akiitwa kwenye nyumba za watu kupunguza matawi, nami nikawa mtu wake wa chini. Kamba yetu ilikuwa ile nailoni ya buluu ya dukani, ya kufungia mizigo. Aliifunga kiunoni, akashika panga, akapanda mgrevilia. Siku moja tawi lilikatika. Kamba haikukatika, fundo ndilo lililoteleza. Nailoni mpya ni laini, na yeye alikuwa amefunga fundo lile lile la kufungia mbuzi. Alianguka kama ghorofa mbili hivi. Sasa anauza smokie na mayai karibu na steji, na mguu wake wa kushoto haukunji.

Mwenye nyumba alitulipa nusu kwa sababu kazi haikuisha. Hakuuliza kuhusu kamba. Mimi pia sikuwa nimeuliza, na hilo bado linanisumbua.

Kwa hivyo ukitaka kupanda, anza hapa. Kamba ya kupandia miti ni ya kazi hiyo. Ina uzi wa ndani na ganda la nje lililosukwa, unene wake kwa kawaida ni milimita 11 hadi 13, na haivutiki sana, kwa sababu utashinda umening'inia juu yake. Kamba ya katani huoza kwa unyevu ukiwa huoni. Ile ya buluu ya dukani huliwa na jua. Hakuna anayekuhakikishia itabeba mtu.

Pili, usijifunge kiunoni. Ukining'inia kwa kamba ya kiuno, hata usipoanguka, pumzi itabanwa kwa dakika chache. Unahitaji mkanda wa kupandia wenye sehemu ya kiuno na ya mapaja, ule wanaouita hanesi, ili uzito ukae makalioni kama umeketi kwenye bembea. Juu ya hapo, kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni.

Tatu, karabina. Zile za rangi rangi zinazouzwa na wachuuzi ni za kubebea funguo. Ya kupandia ina mlango unaojifunga wenyewe na maandishi yaliyochongwa kwenye chuma, mara nyingi 22 au 23 kN. Hiyo 23 kN ni kama kubeba kilo 2,300. Usipoona maandishi, itundike funguo zako uendelee na maisha.

Na mitumba je? Buda, najua. Viatu, jaketi, hata shati nililovaa sasa hivi ni la mitumba. Lakini kamba na hanesi usinunue kwa rundo. Hujui kama iliwahi kumwagikiwa na asidi ya betri, au kama imekaa kwenye jua miaka 12. Kitambaa hufa polepole bila kubadilika sura. Watengenezaji wengi husema vifaa vya kitambaa vitupwe vikifikisha miaka 10, hata kama havijatumika.

Sasa ufundi. Kwanza unachagua mti, na hapa watoto wa ushago wana digrii tayari. Mparachichi na mzambarau hukatika bila kuaga. Mkalitusi huangusha matawi hata siku isiyo na upepo. Tafuta tawi bichi, lenye afya, nene angalau sentimita 15 pale linapoungana na shina. Angalia nyuki. Angalia nyaya za stima, na zikiwa karibu, huo si mti wako.

Kamba haipandishwi kwa kuparamia. Unarusha kwanza uzi mwembamba wenye kifuko kizito mwishoni, unapita juu ya tawi, kisha unavuta kamba kubwa kwa uzi huo. Halafu wawili wenu mnaning'inia nayo mkiwa bado chini. Tawi likilia, mwondoke.

Njia ya kuanzia ni ya kamba inayozunguka tawi. Ncha moja inafungwa kwenye hanesi yako, na mkia wake unazungushiwa upande wa pili wa kamba kwa fundo linalokaza. Ukivuta kamba na kusukuma fundo juu, unapanda. Kila mita moja unayovuta inakupandisha nusu mita, ndiyo maana hata sisi tusio na misuli tunafika. Ukiachilia mikono, fundo linauma kamba na wewe unabaki hapo hapo.

Wazo la fundo kama hilo ni la zamani. Karl Prusik wa Austria alilieleza lake mwaka wa 1931. Wapanda miti wengi wanaoanza hutumia lile la Blake, lililopata jina baada ya Jason Blake kuliandikia jarida moja la Marekani mwaka wa 1994. Nililifunga kwenye mguu wa kitanda changu mwezi mzima kabla ya kuliamini mita moja juu ya ardhi. Fanya hivyo hivyo, kisha mtafute mtu anayelijua alikague. Wapanda miamba wanaoenda Hell's Gate wanajua kamba, waulize. YouTube haiwezi kuona fundo lako.

Kushuka, bonyeza fundo taratibu. Ukiteremka kwa kasi kama sinema, msuguano utayeyusha kamba. Funga fundo kubwa kwenye mwisho wa kamba usije ukateremka ukaipita. Uwe pia na kamba fupi ya pili, ili unapohamisha ile kubwa usibaki bila kushikiliwa hata sekunde moja. Na usipande peke yako. Mtu akizirai akiwa amening'inia kwenye hanesi, ana dakika chache tu kabla damu kuanza kumletea shida. Mwenzako wa chini lazima ajue jinsi ya kukushusha, sio kukurekodi tu.

Mti nao una haki yake. Usivae viatu vya misumari kwenye mti ulio hai, kila tundu ni kidonda. Kamba inayosugua tawi hulichubua gome, kwa hivyo weka kifuniko cha ngozi au pete maalumu katikati. Na omba ruhusa. Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka wa 1999 wakitetea Karura. Miti ambayo watu walivuja damu kwa ajili yake haistahili kutobolewa ili wewe upate laiki.

Utasema vifaa hivi ni ghali. Ni kweli, seti moja inazidi kodi ya bedsita yangu. Lakini sisi ndio watu wa chama. Tunachanga tununue viti na hema za kukodisha harusini. Vijana kumi wanaweza kununua seti mbili, wakamlipa mtu awafundishe, wakapanda Jumapili. Na Jumatatu seti hizo hizo zikodishwe, kwa bei ya kirafiki, kwa yule jamaa wa mtaa anayeitwa kupunguza matawi. Hapo ndipo ninapotaka tufike. Haifai mwenye kucheza awe na hanesi na mwenye kutafuta unga awe na kamba ya mizigo, kwa mti ule ule.

Na wewe unayeishi nyumba yenye mti uani, siku ukimwita mtu wa panga, usianze na bei. Mwambie akuonyeshe kamba yake. Kama ni ya buluu, mwambie, "Kaka, leo hupandi." Atanuna, maana anahitaji hiyo pesa. Basi mpe nauli, na umtumie namba ya chama.

Mimi nimeshaongea na wanne. Tunatafuta sita.