Kuchunga volkano wakati wa vita: kwa nini inahusu hata Burungu

Mutu wa Burungu anaweza kusema Nyiragongo ni shida ya watu wa Goma. Lakini mwaka 2023, vita ilipofika Kitchanga, familia nyingi za Masisi zilikimbilia kambi za Kanyaruchinya, Rusayo na Bulengo. Kanyaruchinya iko chini ya volkano. Bulengo ni upande wa mazuku, ile hewa mubaya inayotoka udongoni na kuua mutu na mbuzi.

Anayechunga hiyo yote ni OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma. Kazi yake haina siku ya kupumzika: kufuata mashine zinazopima mitetemeko, kupima gazi na joto la nyufa, kupanda mulima kutazama shimo, kisha kuambia raia rangi ya alama: kijani, njano, machungwa ao nyekundu. Mashine zingine ziko mbali, kwenye vilima. Zinaishi kwa betri na paneli za jua, vitu ambavyo wezi wanapenda. Bila mulinzi na bila njia salama, mashine inanyamaza.

Ikinyamaza, nini inatokea? Mbele ya mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002, vita ilikuwa imebakiza mashine mbili tu, ya Katale na ya Bulengo. Mtaalamu Dieudonné Wafula na wenzake walitoa onyo hata hivyo, lakini lava ilikata Goma katikati. Mwaka 2020, mradi wa Banki ya Dunia uliisha, intaneti ya OVG ikakatika kwa miezi. Intaneti ilikuwa imerudi tu juzi juzi wakati, jioni ya tarehe 22 Mei 2021, raia waliona anga nyekundu bila kuambiwa kitu. Watu karibu 30 walikufa. Siku tano nyuma, Goma ilihama, na wengi walikuja Sake na Masisi. Tuliwapokea.

Kumbe volkano haiulize nani anatawala kilima gani. Njia ikifungwa tunawaza magari ya viazi na maharagi. Tuwaze pia fundi anayebeba betri. Wenye silaha, wa kila upande, wamuache apite. Serikali nayo ilipe mushahara wake kwa wakati.

Na wewe mwenye ndugu upande wa Bulengo, mwambie: usiku na asubuhi mapema, mutoto asishuke kwenye mabonde madogo wala kulala chini. Mazuku inakaa pale.