Magari Yaishie Kijijini: Wito kwa Ajili ya Engaruka

Engaruka hatuijui vizuri kwa sababu tumezoea kuitazama kwa macho yaleyale tunayoitazamia Kilwa. Kilwa Kisiwani kuna msikiti na kasri, kuta ambazo mtu huzizunguka kwa miguu akamaliza asubuhi moja. Engaruka, chini ya genge la Bonde la Ufa wilayani Monduli, si jengo. Ni mashamba. Ni takribani hekta 2,000 za ardhi iliyogawanywa kwa mistari ya mawe, viwanja vilivyosawazishwa kimoja baada ya kingine, mifereji iliyopokea maji ya mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, na mabaki ya vijiji saba vilivyojengwa kwa vibaraza vya mawe kwenye miteremko. Wakulima walioanza kazi hiyo yapata karne ya 15 walikaa mahali pasipo na mvua ya kutosha kuivisha mtama, wakaishi kwa kugawana maji kwa karne tatu hivi, mpaka walipohama katika karne ya 18. Hawakutumia chokaa wala udongo kushikiza mawe yao. Jiwe limekalia jiwe, basi.

Ukubwa huo pamoja na udhaifu huo ndio unaotuletea wito huu. Mtembea kwa miguu huona kipande kidogo tu, jua likampiga akarudi. Gari hufika kila mahali, ila hufika kwa kuharibu. Kilichobaki ni baiskeli, na ninachoomba ni hiki: magari yaishie kijijini, na njia za udongo zinazotoka hapo kuelekea chini ya genge na kando ya mashamba ya kale ziachiwe watu wa miguu, mifugo na waendesha baiskeli. Wala si jambo la kupendeza macho tu. Gari la utalii lililojaa abiria na mizigo huzidi tani tatu; baiskeli, mwendeshaji na mizigo yake ya safari ni kilo mia na ushei. Majaribio makubwa ya barabara yaliyoanza Marekani mwaka 1958 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli hayapandi sambamba na uzito. Uzito ukizidishwa mara mbili, madhara hukaribia mara kumi na sita. Hiyo ilikuwa barabara iliyojengwa na kushindiliwa. Udongo wa Engaruka una majivu ya volkano, unasagika kuwa vumbi jepesi, na njia ikishachimbika dereva huanzisha nyingine pembeni, kisha nyingine tena.

Na udongo huo si tandiko la magofu tu. Tangu mtafiti Hans Reck alipochunguza mahali hapa mwaka 1913, na Louis Leakey akafuata mwaka 1935, watafiti wengi walihesabu kuta na makazi. Uchunguzi wa baadaye, hasa wa mwanaakiolojia Daryl Stump, umeonyesha kwamba baadhi ya mashamba yalijengwa na maji yenyewe: wakulima walinasa tope lililoletwa na mito, tabaka juu ya tabaka, mpaka kiwanja kikapata kina cha kulimika. Maana yake ni kwamba kumbukumbu ya Engaruka imo ndani ya udongo sawa na ilivyo kwenye mawe. Tairi la gari linapokata kiwanja cha namna hiyo, linakata maandishi ambayo bado hayajasomwa, na ukuta ulioanguka unaweza kuinuliwa tena, lakini tabaka la tope lililovurugwa halirudi.

Baiskeli ina sifa nyingine ambayo sijaona ikitajwa popote, nayo kwangu ina uzito kuliko zote. Mfereji wa kale ni hesabu ya mteremko. Ukiwa mkali mno maji yanakula kingo. Ukiwa mdogo mno yanatuama na kuacha tope njiani. Aliye ndani ya gari hawezi kuuhisi mteremko huo, injini inamficha. Anayenyonga pedeli anauhisi miguuni. Pale anapolazimika kubadili giya, pale baiskeli inapoanza kwenda yenyewe, ndipo anapoelewa kwa nini mfereji ulipita huku na si kule. Mwanafunzi wa Arusha au Monduli akipitishwa hapo kwa baiskeli atajifunza uhandisi wa babu zetu kwa njia ambayo ubao hauwezi kumfundisha.

Kwa nini sasa? Kwa sababu bonde la Engaruka halitabaki lilivyo. Shirika la Maendeleo la Taifa limekuwa likiandaa mradi wa magadi soda katika bonde hilo, na mradi wa namna hiyo hauji bila barabara pana na malori mazito. Siupingi mradi. Ajira zinahitajika, na nchi inayoagiza magadi ya viwandani ilhali inayo ardhini ina haki ya kuyachimba. Ninachosema ni kwamba njia ya malori huchorwa kwenye karatasi kwanza, na wakati wa kuisogeza ni huo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaupa umma nafasi ya kutoa maoni wakati wa tathmini ya athari kwa mazingira. Nafasi hiyo ikipita kimya, lami ikishamwagwa, tutabaki kulalamika.

Kuna pingamizi moja ambalo lazima lijibiwe kwa heshima zote, kwa maana linatoka kwa wenye ardhi. Mfugaji wa Kimaasai akisikia neno hifadhi likitajwa karibu na boma lake, ana sababu ya kushtuka. Tangu mwaka 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, Handeni, na mjadala wa uhamiaji huo bado ni mchungu. Basi tusiseme kwa mafumbo. Ninachopendekeza hakihitaji uzio, hakihitaji mamlaka mpya, hakimhamishi mtu wala ng'ombe. Ardhi ya kijiji ibaki ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na uamuzi wa njia ipi isipitiwe na magari ya wageni ufanywe na mkutano mkuu wa kijiji, malaigwanani, yaani viongozi wa kimila, wakiwemo, kisha uingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo. Gari la mgonjwa lipite. Pikipiki ya mkazi anayepeleka mahindi sokoni ipite. Anayezuiwa ni yule anayekuja na gari kuangalia mawe, ambaye anaweza kuliacha chini ya mti kijijini na kukodi baiskeli kwa kijana wa hapo. Wala mapato hayapungui kwa kufanya hivyo. Mgeni wa gari hupiga picha akaondoka ndani ya saa moja. Mgeni wa baiskeli atakula, atalala, atatafuta fundi wa pancha. Mto wa Mbu, kiasi cha kilomita 60 kusini, wanalijua hili, maana kuwatembeza wageni kwa baiskeli vijijini na kwenye migomba yao ni kazi yao ya miaka mingi.

Wengine watasema baiskeli nazo huharibu. Ni kweli, zikiachwa zipande kuta na kuruka mifereji. Kwa hiyo ziwe na njia moja iliyowekewa alama za mawe yaliyopakwa chokaa, na kwenye mabaki ya vijiji mtu ashuke aende kwa miguu. Miiba ya migunga itatoboa matairi, jua la saa nane halina huruma, na wanyama wapo. Safari ianze alfajiri, iende kwa makundi, pamoja na kiongozi anayeyajua maeneo. Kuhusu usalama, Wakenya wamekwisha kutuonyesha. Msitu wa Karura jijini Nairobi, ule ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1998 na 1999 usigawiwe wajenzi, uliwahi kuogopwa kwa uhalifu. Leo watu huacha magari kwenye maegesho wakaingia kwa miguu au kwa baiskeli, na wingi wao umekuwa sehemu ya ulinzi. Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha huruhusu baiskeli kati ya twiga na pundamilia, na vijana wa pale hukodisha baiskeli langoni.

Tena tusidhani kwamba serikali pekee ndiyo huokoa magofu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, zikatolewa mwaka 2014, na wakazi walishika mawe na chokaa kwa mikono yao katika kazi hiyo. Engaruka imo ndani ya jiopaki ya Ngorongoro-Lengai, eneo la urithi wa kijiolojia lililotambuliwa na UNESCO mwaka 2018, lakini cheti hakizuii tairi.

Tuanze na kidogo. Kigali tangu 2016 hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari kwa siku maalumu, mji haukusimama. Vyama vya waendesha baiskeli vya Arusha na Moshi viwaombe wanakijiji wa Engaruka Jumamosi moja ya mwezi, waende kama wageni wao, walipe kiingilio, wabebe mizigo yao wenyewe. Makampuni ya utalii yawaagize madereva waishie kijijini siku hiyo. Walimu wa historia na jiografia wapeleke madarasa. Wanaakiolojia wetu waje na ramani waseme njia isipite wapi, kabla ya alama ya kwanza kuwekwa. Na kila anayejua kuandika barua aandike moja kwa Halmashauri ya Wilaya ya Monduli na moja kwa NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, akiomba barabara ya malori ya magadi ichorwe mbali na mashamba ya kale, na ataje kwa jina kijiji kitakachopaswa kuulizwa kwanza: Engaruka Juu.