Meza ya Vita Isiyo na Mwamuzi



Wako watu wanaocheza vita mezani kwa ramani, vipande vya karatasi ngumu vinavyosimamia vikosi, na dadu. Mchezo huu ulitoka jeshini: mwaka 1824 Reisswitz, afisa wa Prussia, alitoa kanuni zake ili kuwafunza maofisa. Wakati wa korona, 2020, wachezaji wengi waliofungiwa nyumbani walijitengenezea meza ndani ya kompyuta: picha ya ramani wanayoiona wote, na dadu zikirushwa mbele ya kamera.

Meza hiyo ya kuungaunga haijui kanuni. Haimkatazi mtu kuvusha kikosi mto usiovukika. Katika michezo mingi ya kompyuta mashine ndiyo polisi. Hapa kila mmoja hujichunga, na wakibishana husoma kanuni pamoja. Kwa sababu hiyo mimi naipendelea.

Lakini je, vita ni kitu cha kuchezea? Swali hili si jepesi kwetu tunaoujua mlio wa bunduki. Mwingereza H. G. Wells, aliyechapisha kanuni za vita vya askari wa bandia mwaka 1913, aliandika humo humo kwamba ukicheza vita vidogo mara tatu au nne utatambua jinsi vita vikubwa vilivyo kitu cha ovyo. Mwaka uliofuata Ulaya iliwaka moto. Mchezo wake haukuzuia kitu. Hata hivyo, mezani aliyeshindwa huviona vipande vyake vimerundikwa kando, na anajua ni nani aliyevituma.